Njia na Ibada katika Nchi ya Songwe

Asimamaye Tunduma adhuhuri ya Ijumaa, mahali ambapo malori yaendayo Zambia na Kongo hujipanga yakingoja mihuri ya forodha, husikia adhana ikipanda juu ya ngurumo za injini, na huona madereva wakishuka kutia udhu kwa maji ya madumu waliyoyafunga ubavuni mwa magari yao; naye akirudi hapo Jumapili asubuhi hukuta vipaza sauti vya makanisa vikishindana kama wachuuzi sokoni. Mpita njia hudhani kuwa mji huu ni wa biashara, na dini imekuja kupanga chumba tu. Mimi naona vingine. Katika nchi hii ya Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali, iliyofanywa mkoa mwaka 2016, bidhaa na sala zilipita njia moja, na mpaka wa serikali ulizikata zote pamoja.

Kabla ya msikiti na kanisa palikuwa na mizimu na matambiko, na palikuwa na jiwe. Kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi, kilikuwa kimelala katika mteremko wa kilima cha Marengi kwa zamani zisizohesabika, ilhali habari zake hazikuwafikia wageni hata mwaka 1930, mpima ardhi aitwaye W. H. Nott alipokiona. Wenyeji walikijua, lakini walikaa nacho kwa taadhima na hadhari, wala hawakukitangaza. Si ajabu: Wanyiha walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma, na chuma kisichotoka katika tanuri la mtu hakikosi kumtia fundi fikira. Ukikipapasa leo utakuta vishimo laini kama vya kidole gumba katika udongo wa mfinyanzi, na mahali ambapo msumeno wa wataalamu ulikata kipande.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulipasua nchi juu ya karatasi, na tume ikaja kuweka alama mwaka 1898. Wanyamwanga wakajikuta pande mbili. Walio kusini walipata Waskochi wa misheni ya Livingstonia, waliojenga Mwenzo karibu na barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Walio kaskazini wakafikiwa na Wamoravian kutoka Ujerumani, waliokwisha kushika Rungwe tangu mwaka 1891 na ambao, karne ya 19 ikiwa inafunga, walipanda hata Mbozi. Hivyo watu wa aila moja walifundishwa Baba Yetu na walimu wa mataifa mawili. Upande wa bonde la Rukwa, Mapadri Weupe walikaa Mkulwe na Galula. Padri mmoja wa Mkulwe, Alois Hamberger, aliandika itikadi na desturi za wenyeji kwa umakini ambao leo tunamshukuru kwao.

Lakini mtu anayenivutia zaidi ni Traugott Bachmann wa Mbozi. Alifika akiwa na marufuku nyingi, kama walivyofika wenzake, na angaliweza kuishi na kuondoka nazo. Badala yake alikaa na Wanyiha, akajifunza lugha yao hata Agano Jipya la Kinyiha likapigwa chapa mwaka 1913, na kadiri alivyozidi kuielewa lugha ndivyo alivyozidi kuzionea shaka sheria zake mwenyewe. Katika jambo la mitara, lililowagawa wamisionari wa zama zile, alifikia kuona kwamba mume mwenye wake wengi asilazimishwe kuwafukuza ndipo abatizwe, kwa kuwa mke afukuzwaye hana kosa. Mgeni kufuta amri yake mwenyewe mbele ya watu aliowaamuru si jambo dogo hata leo.

Vita Kuu ya Kwanza vikawaondoa Wajerumani, na Waskochi wa Livingstonia wakavuka mpaka kuyaangalia makanisa yaliyoachwa, mpaka Wamoravian waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Wakati huo huo ulikuja ujumbe usioletwa na Mzungu: Hanoc Sindano, aliyetoka kazini Rhodesia ya Kusini, alihubiri mafundisho ya Mnara wa Mlinzi kati ya Wanyamwanga na Wamambwe, kwamba dunia hii i karibu kupinduliwa. Serikali iliyotaka kodi na wapagazi haikuyapenda. Mwaka 1919 watu wengi wakakamatwa. Mafundisho yenyewe hayakuhitaji pasi, yakavuka kuja Tanganyika.

Uislamu ulijulikana pande hizi tangu misafara ya pembe na watumwa, siku za Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa aliyenyongwa Karonga mwaka 1895. Ila kustawi kwake Tunduma ni kazi ya barabara kuu na ya reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Wafanyabiashara walileta mikeka yao ya kusalia, na walokole wakaja na mahema. Jirani hawa wameishi kwa amani miaka mingi, lakini mwaka 2013 swali la nani achinje nyama ya buchani liliwasha fujo mjini, na ugomvi ulioanzia kwenye kisu cha mchinjaji ukaufungisha mji maduka.

Ni desturi ya Wamoravian kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka kabla ya jua. Tarumbeta hulia umande ungali juu ya majani, majina ya waliolala hukumbukwa, na jua likichomoza watu huimba wakiwa wameligeukia. Kisha huteremka barabarani na viatu vyenye tope, wakapanda gari za Tunduma. Na wenye jamaa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, huvuka kwenda kula sikukuu kwa shangazi zao, waliokwisha kusali katika kanisa lenye jina jingine.