Kingamwili

Kingamwili ni protini zinazotolewa na seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, ili kukabili virusi, bakteria na sumu zao. Umbo lake ni la herufi Y, lenye minyororo minne: miwili mizito na miwili mepesi. Ncha za mikono ya Y hiyo ndizo hunasa antijeni, yaani sehemu ya kijidudu au sumu inayotambuliwa, kila kingamwili na yake. Mara nyingi yenyewe haiui kijidudu. Hukizuia kuingia selini au hukitia alama kimezwe na chembe nyingine. Kati ya aina tano za kingamwili, IgG huvuka kondo la nyuma, na IgA imejaa katika dang'a, yale maziwa ya manjano ambayo si ya kumwagwa. Gerald Edelman na Rodney Porter walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1972 kwa kuchambua muundo wa kingamwili.