“Amri” ni nzima au ni vipande?

Kesi iliyofunguliwa katika mahakama ya jimbo nchini Marekani inaweza kuhamishiwa mahakama ya shirikisho. Jaji wa huko akiirudisha, amri yake kwa kawaida haikatiwi rufaa, isipokuwa kesi ilihamishwa kwa misingi michache, mmojawapo ukiwa kwamba mdaiwa alitenda kwa maelekezo ya ofisa wa shirikisho. Jiji la Baltimore lilipozishtaki kampuni za mafuta, BP ikiwamo, mwaka 2018, kampuni ziliihamisha kesi kwa kutaja msingi huo pamoja na mingine, na jaji akairudisha. Je, rufaa ihusu msingi huo tu? Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, kwa majaji 7 dhidi ya 1, ilijibu kwamba sheria imesema “amri”, na amri ni nzima.

Jaji Sonia Sotomayor alipinga: wadaiwa watachomeka msingi huo hata ukiwa dhaifu, ili kupenyeza mingine. Hofu hiyo ina uzito, maana katazo la rufaa lilikusudiwa kuzuia ucheleweshaji. Hata hivyo, anayekata rufaa hupinga uamuzi, si aya moja ya maelezo yake. Na hoja za hila zina adhabu zake. Kongresi ikitaka “sehemu ya amri”, na iandike hivyo.