Ukoo Uliozaliwa Sebuleni kwa Archie Bunker

Jioni ya Jumanne, 12 Januari 1971, shirika la televisheni la CBS la Marekani liliongeza wapokeaji simu wa kusikiliza malalamiko. Kabla ya kipindi kipya kuanza, maandishi yaliwatahadharisha watazamaji kwamba watakachokiona kinakusudia kuzimulika chuki na udhaifu wa binadamu kwa njia ya kicheko. Kisha wakatokea mume na mke wa makamo, wameketi mbele ya piano, wanaimba kuzikumbuka enzi zao. Nusu saa ikapita. Simu zikaja chache kuliko CBS ilivyohofia, maana usiku ule kipindi hakikupata watazamaji wengi.

Kipindi chenyewe kiliitwa All in the Family. Mwenye nyumba ni Archie Bunker, msimamizi wa wapakia mizigo, anayeishi Queens, New York, namba 704 mtaa wa Hauser. Ana neno baya kwa kila asiyefanana naye: Weusi, Wayahudi, Wapuerto Rico, wapinga vita, wanawake wanaodai haki. Nyumba hiyo hiyo wanaishi mkewe Edith, binti yao Gloria na mkwe wao Mike Stivic, mwanafunzi wa chuo anayekula chakula cha Archie na kubishana naye mezani. Kutoka ghorofani kunasikika maji ya choo yakivutwa. Leo ni kitu kidogo, lakini watazamaji wa Marekani hawakuwa wamezoea kuisikia sauti hiyo kwenye televisheni, maana familia za vipindi vya zamani ziliishi kana kwamba nyumba zao hazina vyoo.

Tukitaka kupima ukubwa wa badiliko lile, tutazame kilichokuwa kikioneshwa na CBS hiyo hiyo mwaka ule. Vichekesho vyake vilivyopendwa vilikuwa The Beverly Hillbillies na Green Acres, hadithi za watu wa shamba na watu wa mjini wasioelewana. Wakati huo vijana wa Marekani walikuwa wakifa Vietnam, na miji ilikuwa imekwisha kuungua baada ya Martin Luther King kuuawa mwaka 1968. Hayo yote hayakufika kwenye vichekesho. Robert Wood, mkuu wa CBS, alitaka watazamaji vijana wa mijini, na mwaka huo huo wa 1971 alivifuta vipindi vya shamba karibu vyote.

Aliyemletea Archie ni Norman Lear. Alizaliwa mwaka 1922 mjini New Haven, Connecticut, katika familia ya Kiyahudi. Alipokuwa na umri wa miaka tisa baba yake alifungwa kwa kuuza hati bandia. Katika Vita vya Pili vya Dunia Lear aliruka mara 52 kwenye ndege za kudondosha mabomu, akitokea Italia. Mwishoni mwa miaka ya sitini alipata habari za kichekesho cha BBC, Till Death Us Do Part, kilichoandikwa na Johnny Speight. Ndani yake mzee mmoja wa mashariki mwa London, Alf Garnett, anagombana na mkwe wake kuhusu kila jambo. Lear akamwona baba yake mzazi: kiti chake kisichokaliwa na mwingine, amri zake za kumnyamazisha mkewe, ubishi wake na mwanawe. Akanunua haki ya kukitengeneza upya kwa Wamarekani.

Haikuwa rahisi. Shirika la ABC lililipia kipindi cha majaribio mwaka 1968 na kingine mwaka 1969, kisha likaviogopa vyote viwili. Mickey Rooney, mwigizaji mashuhuri, alikataa kuwa Archie kwa kuhofia hasira za watu. Carroll O'Connor akakubali, ingawa naye hakuamini kwamba jambo hilo lingedumu: alikuwa akiishi Roma, na alitaka ahakikishiwe tiketi ya kurudi huko mambo yakiharibika. O'Connor hakuwa Archie hata kidogo. Alikuwa mtu wa vitabu, aliyewahi kufundisha Kiingereza, na msimamo wake wa siasa ulikuwa karibu zaidi na wa Mike.

CBS ikakichukua kipindi, lakini usiku wa kwanza ilitaka sehemu ya pili itangulie, kwa kuwa ya kwanza ilionesha Archie na Edith wakirudi kanisani mapema na kuwakuta Mike na Gloria wakielekea chumbani mchana. Lear akasema wakiigusa ataondoka. Hawakuigusa. Naona hapo ndipo historia yote inayofuata ilipoamuliwa, kwa sababu kila aliyekuja kufanya kazi na Lear alijua kwamba mtu akikataa jambo kwa nguvu, huenda akasikilizwa.

Wimbo wa piano nao una kisa chake. Bajeti haikuruhusu utangulizi wa fahari, ndiyo maana O'Connor na Jean Stapleton, aliyekuwa Edith, wakaketishwa tu kuimba. Watazamaji wakalalamika kwamba kuna mstari mmoja, unaotaja gari la aina ya LaSalle, ambao haueleweki kabisa. Mwishowe wimbo ulirekodiwa upya, nao wakatamka kila herufi. Vicheko pia vilikuwa vya kweli: kipindi kilirekodiwa kwenye mkanda wa video mbele ya watu waliokaa ukumbini, na mwishoni watazamaji wa nyumbani waliambiwa hivyo.

Kufikia msimu wa joto marudio yalikuwa yamekwisha kuwavuta watu, na tuzo za Emmy zikaongeza mvuto. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1976 kipindi kilishika nafasi ya kwanza nchini misimu mitano mfululizo. Hata Ikulu walitazama. Kanda za Rais Nixon za Mei 1971 zimehifadhi sauti yake akiwalalamikia wasaidizi wake kuhusu sehemu moja ambamo Archie anagundua kwamba rafiki yake, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani, ni shoga. Nixon aliona kipindi kinaitukuza tabia hiyo. Usiku wa 19 Februari 1972 mwimbaji Sammy Davis Jr. alitokea kwenye sebule ya Archie kama yeye mwenyewe, na wakati wa kupigwa picha ya pamoja akambusu Archie shavuni ghafla. Kicheko cha ukumbi kilichukua muda mrefu kutulia.

Lakini watu walikuwa wakimcheka nani? Swali hili halikuwa la wivu wala la kutafuta ila. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha matokeo ya kuwahoji vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada. Wenye chuki nyingi walikuwa wepesi zaidi kumhusudu Archie na kuona kwamba mwishoni yeye ndiye mshindi wa ubishi. Uingereza lilikuwa limetokea jambo hilo hilo kwa Alf Garnett, ilhali Warren Mitchell aliyemwigiza alikuwa Myahudi mwenye msimamo wa kushoto. Mimi sidhani Lear alilijibu swali hilo kwa maneno yake ya utetezi, ambayo yalikuwa mengi. Jibu lenye uzito lilitoka kwa watu walioingia sebuleni kwa Archie, wakatoka na kudai nyumba zao wenyewe.

Wa kwanza kutoka alikuwa Maude, binamu yake Edith. Alifika Desemba 1971 kuwauguza wagonjwa wa nyumba ile, akamjibu Archie tusi kwa tusi, na Septemba 1972 akawa na kipindi chake, kikiongozwa na Bea Arthur. Novemba mwaka huo, akiwa na miaka 47 na mjukuu tayari, Maude aliamua kutoa mimba. Jimbo la New York lilikuwa limekwisha kuruhusu. Mahakama Kuu ilitoa uamuzi wa kuruhusu utoaji mimba nchi nzima miezi miwili baadaye, Januari 1973. Sehemu hizo ziliporudiwa Agosti, stesheni nyingi zilikataa kuzirusha na watangaza biashara wakajitoa.

Nyumbani kwa Maude alikuwapo mtumishi wa ndani aliyeitwa Florida, na mwigizaji wake, Esther Rolle, alipendwa mno. Februari 1974 akapewa kipindi, Good Times, kilichobuniwa na waandishi wawili Weusi, Eric Monte na Mike Evans. Rolle alikuwa na sharti moja: watoto wa Florida wawe na baba ndani ya nyumba. Alichoka kuona familia za Weusi zikioneshwa bila mwanamume, na hakutaka kuwa sehemu ya uongo huo. Akaletwa John Amos. Ndani ya Maude mume wa Florida aliitwa Henry, mzimamoto wa New York. Sasa ghafla ni James, anayehangaikia vibarua katika maghorofa ya maskini ya Chicago. Amos alikuwa mdogo kwa Rolle kwa miaka 19, na alimzidi Jimmie Walker, aliyeigiza mwanawe wa kwanza, miaka minane tu.

Huyo mwana, J.J., ndiye aliyeivuruga nyumba. Walker alikuwa na neno moja la kujitapa ambalo ukumbi ulilishangilia kila mara, na waandishi wakaanza kumwandikia yeye zaidi ya wote. Amos alikasirika. Familia ile ilikuwa na binti aliyeota kuwa daktari wa upasuaji na kijana aliyetaka kuwa jaji, akauliza kwa nini kicheko lazima kitoke kwa yule anayerukaruka na kofia. Rolle alisema hadharani katika jarida la Ebony mwaka 1975 kwamba J.J. anawaumiza watoto Weusi wanaomtazama. Amos aliwabana waandishi, wengi wao Wazungu, hadi akafukuzwa mwaka 1976. James akauawa katika ajali ya gari huko Mississippi, alikokwenda kutafuta maisha. Baba aliyepatikana kwa sharti akaondolewa kwa kalamu. Rolle naye aliondoka mwaka 1977 na kurudi mwaka uliofuata. Amos hakukaa bila kazi: Januari 1977 nchi nzima ilimwona katika Roots, tamthilia ya televisheni kuhusu utumwa, akiwa Kunta Kinte, mtumwa kutoka Afrika, katika utu uzima wake.

Lear alisimulia mara nyingi kwamba siku moja wanachama wa Black Panther, chama cha kupigania haki za Weusi, walimjia ofisini wakiwa wamekasirika. Walitaka kujua kwa nini familia ya Weusi kwenye televisheni ni ya maskini tu, na baba yake hapumziki kwa vibarua. Akaikumbuka familia iliyokuwa jirani na Archie.

Majirani hao, akina Jefferson, walikuwapo tangu mwanzo. Kijana wao Lionel aliigizwa na Mike Evans, huyo huyo mwandishi wa Good Times, na mama yake Louise aliigizwa na Isabel Sanford. Baba, George, alitajwa tu kwa muda mrefu. Hadithi ilisema hataki kukanyaga nyumba ya Mzungu yule. Ukweli ni kwamba Lear alimtaka Sherman Hemsley, ambaye alikuwa amefungwa na mchezo wa Broadway uitwao Purlie, na aliamua kumsubiri hadi mwaka 1973. Januari 1975 George, tajiri wa maduka ya dobi, akaihamishia familia kwenye jumba la kifahari Manhattan, na The Jeffersons ikaanza. Wimbo wake wa kupanda daraja la maisha uliimbwa na Ja'net DuBois, ambaye wakati huo huo alikuwa Willona, jirani wa Florida katika maghorofa ya Chicago.

George ana maneno makali kwa Wazungu kama Archie kwa Weusi, na jirani zake wapya ni Tom na Helen Willis, Mzungu na mkewe Mweusi. Ilikuwa miaka minane tu tangu Mahakama Kuu ilipozifuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa kama hizo. Roxie Roker alipokuja kuomba nafasi ya Helen, aliulizwa kama ataweza kuigiza mke wa Mzungu. Akatoa picha ya mumewe, Sy Kravitz, ambaye alikuwa Mzungu. Mtoto wao ni mwanamuziki Lenny Kravitz.

The Jeffersons ilifika sehemu 253, zaidi ya All in the Family yenyewe, na mwaka 1981 Isabel Sanford akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike katika vichekesho. Mwaka 1985 CBS ilikifuta kipindi bila hata kukiandalia sehemu ya kuagana. Sherman Hemsley, aliyembeba George kwa misimu 11, aliisoma habari hiyo gazetini.