Mwenyewe Hayupo

Ukiingia duka lolote pale Bukene ukamwomba kijana aliyeachiwa kaunta akupunguzie bei ya mchele, atakujibu kwamba mwenyewe hayupo. Hutauliza mwenyewe nani. Neno hilo ni la mwenye mali, na papo hapo ni la mtu hasa, asiyewakilishwa na mwingine, kama tusemapo "alikuja mwenyewe". Nimelitamani kwa kazi ya tatu: kufasiri atman, neno la Kisanskriti ambalo Vedanta isiyokubali uwili imelijengea falsafa nzima.

Neno linalokuja haraka ni nafsi, nalo limetumikia mabwana wengi mno. Mwalimu wa sarufi analo: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa msomaji wa Biblia ni kile cha ndani kinachomwelekea Mungu. Kwa watu wa tarika, nafsi ndiyo inayoamrisha maovu, ya kupigwa jihadi mpaka itulie. Mwambie muridi kwamba nafsi yake ndiyo Ukweli wenyewe uone atakavyokutazama! Roho nayo huingia na kutoka. Atman haina pa kutokea.

Upande wa pili yuko ahamkara. Aham ni mimi. Kara hutokana na kitenzi cha kufanya. Hapa Kiswahili kimejaliwa, maana tunacho kitenzi kujifanya. Anayejifanya daktari si daktari. Shankara, mwalimu wa Vedanta hiyo aliyefundisha India yapata karne ya 8, angekikubali: mwili huchoka, akili hukasirika, kisha kinazuka kitu kinachodai "nimechoka mimi, nimekasirika mimi". Hicho ni kujifanya. Atman hushuhudia tu.

Nchi hii iliwahi kuuona mfano wa ahamkara ukitembea. Mbele ya msafara wa pembe alitangulia kirangozi, joho jekundu, manyoya kichwani, akaamua watu wasimame wapi na waondoke lini. Mgeni angedhani mali ni yake. Hata mfanyabiashara wa Unyanyembe aliyemwajiri mara nyingi alikuwa na deni Unguja, kwa matajiri wa Kihindi. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 iliyokodi ushuru wa forodha huko ilikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, mkopeshaji mkubwa wa biashara ya bara. Ukimtafuta mwenyewe wa pembe zile, unafika mpaka kwenye daftari la Baniani.

Na Baniani huyo (yule wa methali, ambaye kiatu chake ni dawa) hakuja na daftari peke yake. Bhatia wengi ni wafuasi wa Vallabha, mwalimu aliyefariki 1531, ambaye naye alikataa uwili lakini akagombana na mafundisho ya Shankara. Kwake ulimwengu si kiini macho. Ni kweli, umetoka kwa Krishna na ni Krishna. Kilicho uongo ni vitu viwili tu, ahanta na mamata, ambavyo nathubutu kuviita umimi na uwangu. Mfuasi anapopokelewa huuweka mwili wake, mali yake na yeye mwenyewe wakfu kwa Krishna, halafu anarudi dukani kupiga hesabu zilezile. Sijui falsafa nyingine iliyomfaa mkopeshaji namna hii, na silisemi kwa kejeli; kushika mali ukijua si yako ni kazi ngumu kuliko kuikimbia.

Kwa Vallabha, basi, mwenyewe linakaa vizuri: mali ipo na mwenye mali yupo, ila si wewe. Kwa Shankara linakwama. Mwenyewe hudai kitu cha kumiliki, na kwake hakuna cha pili cha kumilikiwa. Hapo ningeacha atmani, kwa irabu yetu ya mwisho, na sakshi wake ningemwita shahidi, japo mahakamani shahidi huapa na kusema, naye huyu hasemi lolote.