Kennedy na Mchujo wa 1980: Mgombea Aliyekataa Kujitoa

Nchini Marekani, kura za mchujo ni uchaguzi wa ndani ya chama unaofanyika jimbo kwa jimbo kwa miezi kadhaa, na matokeo yake ndiyo yanayoamua kila mtaka urais apate wajumbe wangapi katika mkutano mkuu wa uteuzi. Kwa kuwa hesabu ya wajumbe hujulikana hatua kwa hatua, anayeachwa nyuma huona kushindwa kwake mapema, na hapo hulazimika kuamua ama kujitoa ama kuendelea, kama ilivyotokea katika chama cha Democratic mwaka 1980.

Seneta Edward Kennedy wa Massachusetts alitangaza Novemba 7, 1979 kwamba angeshindana na Rais Jimmy Carter, mwanachama mwenzake, akiungwa mkono na waliolalamika kuwa serikali ilikuwa imewasahau wafanyakazi wakati wa mfumuko wa bei, yaani hali ya bei za bidhaa kupanda mfululizo. Hata hivyo, siku tatu kabla ya tangazo hilo ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulikuwa umetekwa, jambo lililowafanya Wamarekani wengi washikamane na rais wao, na Januari 1980 Carter akashinda Iowa kwa karibu kura mbili kwa moja.

Kennedy hakujitoa. Machi 25 alishinda New York na Connecticut, na Juni 3, siku ya mwisho ya mchujo, akatwaa majimbo matano kati ya manane, California ikiwamo, ingawa Carter alifikisha wajumbe wa kutosha kuteuliwa. Tegemeo la mwisho la Kennedy lilikuwa kufutwa kwa kanuni iliyomfunga kila mjumbe kumpigia kura mgombea ambaye mjumbe huyo alichaguliwa kumuunga mkono, lakini Agosti 11 mkutano mkuu uliokutana katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York ulikataa kuifuta, naye akakubali kwamba mbio zimekwisha.

Hata hivyo, wajumbe aliokuwa nao hawakupotea bure. Baada ya hotuba aliyoitoa mkutanoni Agosti 12, mkutano ulikubali kuingiza katika ilani, yaani tamko la sera za chama, pendekezo la kambi yake la mpango wa ajira wa dola bilioni 12, ambalo Carter hakulitaka.

Novemba 4 Carter alishindwa na Ronald Reagan, mgombea wa chama cha Republican, katika majimbo 44 kati ya 50, na wapo waliomtwika Kennedy lawama kwa kukigawa chama. Ni kweli kwamba mvutano huo ulimdhoofisha rais, lakini si haki kumbebesha mpinzani mzigo wote, kwani Wamarekani 52 waliotekwa Tehran walikuwa bado mateka nchini Iran na gharama za maisha zilikuwa zikiwaelemea wananchi. Kuendelea kwa Kennedy hakukumpa uteuzi. Kuliwapa waliompigia kura nafasi ya kusikilizwa na chama chao, na hiyo ndiyo kazi halali ya mgombea anayeshindwa.