Dakika Tatu za Nini? Huduma kwa Wateja na Malalamiko Yasiyokutana

Mwaka 2022 serikali ya Hispania iliandaa muswada wa huduma kwa wateja. Kifungu kilichosifiwa zaidi kilitaka asilimia 95 ya simu zipokewe ndani ya dakika 3, na mteja anayetaka kusema na binadamu apewe binadamu. Mtu aliyewahi kusikilizishwa muziki wa kampuni ya simu huku fedha zake zimekwama hewani hawezi kukipinga kifungu hicho. Mimi nakipinga, angalau kwa namna kinavyosifiwa. Kusubiri kunaudhi, lakini kusubiri ndiyo sehemu ya tatizo inayopimika kwa urahisi, na urahisi huo umeipa nafasi isiyostahili. Ninachodai ni kwamba kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya teknolojia, kwa jinsi kilivyoundwa, humpokea kila mlalamikaji peke yake na kulifunga shauri lake peke yake. Matokeo yake, hitilafu moja iliyowapata watu mia huonekana kama makosa mia ya watu mbalimbali.

Kuhusu foleni yenyewe wataalamu hawana ugomvi. A. K. Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu zake mwaka 1909, na hadi leo zamu za wapokea simu hupangwa kwa kanuni zake. Ugomvi uko kwa mwanauchumi Albert Hirschman. Katika kitabu chake cha 1970 alieleza kwamba mteja asiyeridhika aidha huondoka au hupaza sauti, na kwamba pale mlango wa kuondoka unapofungwa, sauti ndiyo inayobaki. Wengi wamelipokea wazo hili bila kuliuliza swali la msingi: sauti hiyo inapazwa wapi, na nani mwingine anaisikia? Mkutanoni malalamiko ya mtu mmoja humwamsha jirani yake aseme na la kwake. Kwenye simu jirani hayupo.

Ushahidi ninaoutegemea ni wa Shirika la Posta la Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika hilo lilisambaza katika matawi yake mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ambayo baadaye ilichukua jina la Fujitsu. Matawi mengi yaliendeshwa na mawakala, ambao mkataba uliwadai wafidie upungufu wa fedha. Mfumo ulipoonyesha upungufu ambao haukuwapo, wakala alikuwa na mahali pamoja tu pa kukimbilia: simu ya msaada. Kwa kweli zilikuwa simu mbili, moja ya masuala ya biashara chini ya shirika na nyingine ya mitambo chini ya kampuni, na wakala aliweza kupigwa danadana baina ya hizo mbili. Lee Castleton wa Bridlington alipiga simu ya msaada mara 91. Hesabu haikurekebishwa. Shirika lilimshtaki kwa upungufu wa takriban pauni 25,000, na mwaka 2007 mahakama ilimwamuru alipe fedha hizo pamoja na gharama za kesi, pauni 321,000. Akafilisika.

Mara 91! Hapa kipimo cha Hispania kinatusaidia nini? Hata kama kila simu kati ya hizo ingepokewa ndani ya sekunde tatu, na binadamu mwenye adabu, mwisho wake ungekuwa uleule.

Mawakala wengi wamesimulia, mmoja baada ya mwingine, mbele ya tume ya uchunguzi ya Sir Wyn Williams kwamba waliambiwa hakuna mwingine mwenye tatizo kama lao. Wakati huohuo, wahandisi wa kampuni walikuwa na daftari la ndani la hitilafu zinazojulikana, ambalo mawakala hawakuonyeshwa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015, takriban 700 kati yao wakishtakiwa na shirika lenyewe. Kilichoanza kuubomoa uongo huo ni watu kukutana. Mwezi Mei 2009 jarida la Computer Weekly liliweka habari za mawakala saba katika makala moja, na Novemba mwaka huo mmoja wao, Alan Bates, na wenzake wakakusanyika katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton. Miaka kumi baadaye, Desemba 2019, Jaji Fraser wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hitilafu za mfumo ziliweza kuzalisha upungufu wa uongo, na kwamba zilikuwa zimefanya hivyo.

Nitapingwa kwamba ule ulikuwa ulaghai wa wakubwa, na kwamba dawati la simu halina hatia. Wakubwa walificha, ndiyo. Lakini dawati lililotenganisha malalamiko liliwawezesha kuficha bila kumlazimisha kila mpokea simu aseme uongo. Huenda wengi waliosema “ni wewe tu” waliamini hivyo, kwa kuwa kioo mbele yao kilionyesha tawi moja. Pingamizi la pili, kwamba mawakala si wateja, silioni kuwa zito. Aliye upande wa pili wa mfumo asioweza kuuchunguza yuko mahali pamoja na mteja, awe na mkataba gani.

Wakala wa fedha kwa simu wa Mbagala au Kisumu ataitambua hali hii upesi. Katika tawi la posta la Dalmellington, Uskoti, mwaka 2015, kioo kiliganda na wakala akabonyeza tena na tena. Mfumo ukaandika pauni 8,000 mara nne, upungufu wa pauni 24,000 ukazaliwa. Mtandao unaposumbua kwenye kibanda chetu, muamala unaning’inia, mteja amesimama dirishani, na floti iliyo hatarini ni ya wakala mwenyewe. Akipiga huduma kwa wateja hupewa namba ya kumbukumbu na kuambiwa suala lake linashughulikiwa. Namba hiyo ni yake peke yake. Kama kuna mahali anapogundua kwamba wenzake kumi wamekwama saa ileile, ni kwenye kundi la WhatsApp la mawakala. Kwenye kampuni hataambiwa.

Wapo wanaoamini programu za kujibu wateja zitatibu haya, maana kompyuta inaweza kuyasoma malalamiko yote kwa pamoja. Inaweza, kwa faida ya mwenye kompyuta. Katika shauri lililoamuliwa mwaka 2024 huko British Columbia, programu ya Air Canada ilikuwa imempotosha abiria aliyefiwa kuhusu nafuu ya nauli. Kampuni ikajitetea kwamba programu hiyo ni kama nafsi inayojitegemea, yenye kuwajibika kwa maneno yake. Baraza lililosikiliza shauri hilo lilikataa na kuamuru abiria alipwe dola za Kanada zipatazo 800. Mlalamikaji, hata hivyo, bado alikuwa mmoja.

Napendekeza mdhibiti adai kitu kingine badala ya dakika: kila kampuni ichapishe orodha ya hitilafu inazozijua, tarehe ilipozijua, na idadi ya walioziripoti. Kampuni zitalia kuhusu usalama na siri za biashara, na kwa hitilafu chache kilio hicho kitakuwa cha haki. Lakini tazama sheria zetu za ushahidi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka kumbukumbu za kielektroniki zitoke katika kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa, na hati ya kuthibitisha hilo hutiwa saini na mhusika wa mfumo huohuo. Wakala anayedaiwa, akitaka kuipinga hati hiyo bila orodha ya namna hii mkononi, ataanzia wapi?