Mabomba Manne
Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA
Yule mzee kutoka Kongo alifungua kiroba alichokuwa amekikumbatia tangu asubuhi. Tulidhani ni pesa. Akatoa mota nne za waipa za gari, akazipanga mezani kwa mjomba na kusema: "Zile za roketi zilikuwa kama hizi."

SASA ENDELEA...

Mjomba alizima grenda. Mtaani kwetu Gerezani nyundo hazinyamazi mpaka magharibi, lakini pale kibandani nilisikia hata pumzi za mzee.

"Babu, mota hizi zimejaa hapo Shaurimoyo," mjomba alisema taratibu, asije akamvunjia heshima. "Kila duka la spea wanazo."

"Njo maana bale Bazungu balizichagua," mzee akajibu.

Tukamsogezea benchi. Mama lishe akamletea chai ya rangi. Ndipo akatufungulia moyo.

Mwaka 1975 kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG, chini ya mhandisi Lutz Kayser, ilikubaliana na serikali ya Mobutu kule Kongo. Ikapewa ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 100,000 kule Shaba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kambi ikajengwa Kapani Tono, kwenye uwanda ulio juu ya bonde la mto Luvua. Mzee wakati huo alikuwa kijana wa kupakua mizigo, na mizigo yenyewe ilikuwa mabomba ya chuma, kipenyo chake sentimita 27, ya kiwandani tu. Hayo ndiyo yangefungwa pamoja kama tita la kuni, yapeleke setilaiti angani kwa bei ndogo.

"Pampu iko wapi?" mjomba aliuliza.

"Hakuna pampu, mutoto yangu."

Akachukua chaki, akachora sakafuni. Roketi nyingi kubwa za mafuta ya kimiminika hutegemea pampu zinazozunguka kwa kasi ya kutisha, na pampu hizo ni ghali kuliko vitu vingi. Kayser aliziacha. Bomba lilijazwa kimiminika theluthi mbili, theluthi iliyobaki ikashindiliwa hewa. Hewa ndiyo iliyosukuma: huku mafuta, huku asidi ya nitriki, vikutane chini na kuwaka. Mota ya waipa kazi yake kufungua na kubana koki.

"Na kona inakataje?" niliuliza.

Mzee akanyoosha kidole barabarani, kijana mmoja akipita na mkokoteni wa magunia kuelekea Kariakoo. "Angalia ule. Akitaka kugeuka, anapunguza nguvu upande moja."

Nikaelewa. Bana koki za upande mmoja, roketi inainama. Tangu utoto niliambiwa mambo ya angani ni ya watu wengine. Jioni ile niliyaona yakitembea kwa magurudumu mawili mbele ya kibanda chetu.

Ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya pili, 20 Mei 1978. Ya tatu ilipangwa 5 Juni mwaka uleule, na Mobutu mwenyewe akaja kuitazama.

"Ile siku..." Mzee aliweka kikombe chini. "Ilipanda kidogo, ikayumba. Ikaanguka mu bonde. Mwaka uliofuata kambi ikafungwa. Hatukuona setilaiti hata moja. Mi nataka kitu kimoja mbele ya kufa: kuona koki ine zikifunguka pamoja."

Mjomba alinitazama. "Moto hapana, babu. Tutafanya kwa maji na upepo."

Tulifanya kazi siku tatu. Mabomba manne nilichomelea mwenyewe, tukayafunga kwenye fremu na kuikaza kwa minyororo. Tukajaza maji theluthi mbili, upepo tukaomba kwa jirani fundi pancha. Mzee alisisitiza jambo moja tu: kila mota ijaribiwe mara tatu kabla ya kufungwa.

Ya kwanza nilijaribu mara tatu. Ya pili, tatu. Ya tatu, tatu. Ilipofika ya nne giza lilikuwa limeingia na njaa inauma. Nikaifunga hivyohivyo.

Mjomba aliniuliza, "Zote nne?"

"Zote, mjomba."

Jumamosi jioni mafundi waliacha kazi zao, wakatuzunguka. Sindano ya geji ilipanda, ikatulia. Mama lishe akawavuta wanawe nyuma. Mzee peke yake alisogea mbele, akasimama hatua tano kutoka kwenye fremu, mikono nyuma, macho juu.

Ulimi wangu ulitaka kusema. Mbele ya watu wote wale, ukagoma.

"Washa!" mjomba aliamuru.

Nikabonyeza.

Mota tatu zililia. Maji yakafumuka kwa nguvu upande mmoja, mnyororo ukakatika kwa mlio wa risasi, na fremu nzima ikaanza kuinama polepole, kule alikosimama babu.

Yeye hakukimbia. Aligeuka, akanitazama mimi.

ITAENDELEA WIKI IJAYO...